Kuanzisha Jarida la Vigoli Lisilowafungia Kwenye Kioo

Kusanya majarida matano ya wasichana, yoyote utakayoyapata, mapya au ya zamani. Chukua mkasi, kata vichwa vya habari vyote vya majalada, uvitandaze sakafuni. Kisha shika kalamu upige mstari chini ya kila kitenzi. Pendeza. Ng'aa. Punguza. Mvutie. Jua kama anakupenda. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilikuwa nimeketi na vigoli saba wa kati ya miaka 9 na 12. Mmoja wao alipomaliza kupiga mistari aliinua kichwa akauliza, "Mbona hapa hakuna hata mmoja anayejenga kitu?" Niliondoka na swali hilo, na mwongozo huu umezaliwa nalo.

Nasema "vigoli" kwa makusudi. Kiswahili kina neno lake kwa msichana ambaye bado hajavunja ungo, na ni neno zuri kwa sababu linampa mahali pake. Jarida la vigoli si jarida la wasichana wakubwa lililopunguzwa ukubwa wa nguo. Kigoli wa miaka 10 anaweza kucheza na mwanasesere asubuhi, na jioni akakuuliza kama nyota hufa. Anayestahili maswali hayo mawili kwa siku moja anastahili jarida lenye nafasi ya yote mawili.

Hatua ya 1: Andika vitenzi vyako

Baada ya kuona vitenzi vya wengine, kaa na wasichana wako muandike vyenu ishirini. Sisi tulianza na hivi: jenga, fungua, chunguza, bisha, panda, hesabu, kataa, omba radhi, subiri, potea, rudia, cheka. Bandika orodha ukutani. Kila makala inayotaka kuingia kwenye jarida ibebe angalau kitenzi kimoja kati ya hivyo, na msomaji ndiye awe mtendaji. Nimeona watu wakiandika sera ya uhariri ya kurasa sita ambayo hakuna aliyeisoma mara ya pili. Orodha ya vitenzi inasomwa kila siku, na kigoli wa miaka 8 anaielewa.

Hapa kuna mtego ambao wengi tumeuingia. Mtu anaona majarida yamejaa mabinti wa mfalme na vipodozi, anakasirika, anavifuta vyote na kuweka msichana mwenye misuli anayepanda jabali kila ukurasa. Pinki inapigwa marufuku. Nywele hazitajwi. Kumbe amejenga kioo kingine, na kigoli mpole anayependa kufuma, kuvaa gauni la pinki na kukaa kimya anajitazama humo na kujiona mwenye kasoro. Kupendeza si kosa. Kosa ni kumwambia mtoto kwamba kupendeza ndiyo kazi yake. Kwa hiyo kila toleo likikamilika jiulize: msichana mwoga yumo? Mvivu kidogo yumo? Anayependa mapambo yumo, na je, amepewa jambo la kufikiri kama wenzake? Ukitaka kuandika kuhusu kusuka nywele, andika. Eleza jinsi mafungu matatu yanavyopokezana, kwa nini msuko haufumuki, ni hesabu gani iliyo ndani ya mistari ya kichwa, nani alimfundisha msusi. Mada ni ileile, kitenzi ndicho kimebadilika.

Hatua ya 2: Jua umri unaomwandikia

Miaka 8 na miaka 12 ni mbali kama ukingo na ukingo. Chagua umri wa katikati, kwa mfano 10, uandike kwa huyo. Wa miaka 8 atanyanyuka kwenye vidole kulifikia jarida, na hilo watoto hulipenda. Wa miaka 12 hatahisi ametukanwa, mradi wahusika wa hadithi zako wawe na miaka 11 hadi 13, kwa kuwa mtoto hupenda kusoma habari za aliyemtangulia kidogo kuliko za aliye nyuma yake.

Jambo jingine la kujua ni kwamba hufiki wa kwanza kwa msomaji wako. Mwaka 2017 jarida la kisayansi la Science lilichapisha utafiti wa Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian juu ya watoto wa Marekani. Watoto walisimuliwa kisa cha mtu mwenye akili nyingi sana, kisha wakaombwa kukisia ni yupi kati ya watu waliokuwa kwenye picha. Wakiwa na miaka 5, wasichana waliwachagua wanawake kwa kiasi kilekile ambacho wavulana waliwachagua wanaume. Wakifika miaka 6 na 7, wasichana walikuwa wamepungua kuwachagua watu wa jinsia yao. Walipoonyeshwa mchezo ulioelezwa kuwa ni wa watoto wenye akili sana, wasichana hao hawakuuchangamkia kama wavulana. Ulipoelezwa kuwa ni wa watoto wanaojitahidi sana, tofauti ikaondoka.

Nimesoma matokeo hayo mara nyingi na kila mara yananichoma, kwa sababu mtoto wa miaka 6 bado anang'oka meno ya utotoni. Kwa mhariri yana maana mbili. Kwanza, msomaji wako wa miaka 8 ameshasikia mengi na ameanza kuyaamini, kwa hiyo unafumua kwanza ndipo ushone. Pili, usiwapambe watu unaowaandika kwa "kipaji cha kuzaliwa." Onyesha kazi yenyewe: rasimu iliyofutwa mara nne, daftari lenye madoa, jaribio lililoshindikana. Tukimhoji mtaalamu, swali letu la kwanza huwa: "Mara ya mwisho ulikosea nini, na ulirekebishaje?" La pili: "Kama tusingekuita, mikononi mwako sasa hivi kungekuwa na kifaa gani?"

Hatua ya 3: Wape vigoli meza ya uhariri

Asiyekuwapo na lake halipo. Watu wazima wanaotengeneza jarida la wasichana bila wasichana watatengeneza jarida la wasichana waliokuwa wao zamani, au la wale wanaotamani wangekuwa. Hapa ndipo jarida linapokuwa mbadala kweli au linapobaki jina tu. Ukiwa na nguvu za kufanya hatua moja vizuri, fanya hii.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1993 jarida la New Moon lilianza kuchapishwa katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, Marekani, likianzishwa na Nancy Gruver pamoja na binti zake pacha. Bodi yake ya uhariri ilikuwa ya wasichana wa miaka 8 hadi 14, na halikubeba matangazo ya biashara. Isitoshe, Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unampa mtoto, katika kifungu cha 12, haki ya kutoa maoni yake kwa mambo yanayomhusu na maoni hayo kuzingatiwa kulingana na umri na upevu wake. Mjumbe wa bodi yako hajafanyiwa hisani.

Chagua wasichana sita hadi wanane. Usichukue wale wanaopendwa na walimu peke yao. Tafuta mmoja asiyependa kusoma. Huyo ni dhahabu, maana ndiye atakayekuambia ni aya gani iliyomfanya aweke jarida chini. Tafuta mmoja anayebisha na mmoja asiyesema mpaka aulizwe. Ikiwa yupo msichana mwenye ulemavu, hakikisha chumba, kiti na karatasi zinamfaa kabla hajafika, asikute watu wanahangaika mbele yake.

Mkutane kila baada ya wiki mbili kwa dakika 90, na dakika 30 za mwanzo watu wazima waandike tu bila kusema neno. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Kila msichana apewe kadi tatu: nyekundu ina maana "imenichosha," njano "sijaelewa," kijani "nataka zaidi." Mmoja wao asome makala kwa sauti, wengine wainue kadi pale wanapoguswa, na wewe uweke alama kwenye mstari uleule. Ukimaliza una ramani ya makala yako yenye rangi tatu.

Siku moja nililetea bodi makala niliyoiandika mwenyewe, yenye kichwa "Jinsi ya kujiamini mbele ya watu." Kadi nyekundu zilipanda kabla sijafika aya ya pili. Msichana wa miaka 10, ambaye mkutano uliotangulia hakuwa amesema lolote, akaniambia, "Lakini dada, nani kasema sijiamini? Mimi najiamini. Wananikatiza tu nikiongea." Kimya kikatanda, kisha wote wakaanza kuongea kwa pamoja: kaka anayemalizia sentensi ya mwenziwe, mjomba anayecheka, mwalimu anayemwita mwingine kabla hujamaliza. Niliitupa makala yangu. Mahali pake ikaingia "Wakikukatiza, fanya hivi," yenye mbinu tisa walizozitunga wenyewe. Mojawapo ilikuwa kuinua kiganja na kusema kwa upole, "Bado sijaweka nukta." Ukurasa huo uliletewa barua nyingi kuliko mwingine wowote wa toleo hilo.

Ona kilichotokea pale. Mimi nilidhani tatizo liko ndani ya msichana, yeye akanionyesha kuwa liko chumbani. Majarida mengi ya "kumjenga msichana" huanguka kwenye kosa hilo la kumtibu mtu asiyeumwa.

Andikeni mapema mipaka ya mamlaka. Kwetu watu wazima wana kura ya turufu katika mambo matatu tu: usalama, sheria na ukweli. Mengine yote huamuliwa kwa kura za vigoli, hata pale unapoamini wamekosea. Ukitumia turufu, waeleze sababu ana kwa ana.

Hatua ya 4: Jaza kurasa

Jarida la kurasa 32 linatosha kabisa kwa kuanzia, likitoka mara nne kwa mwaka. Mgawanyo wetu uko hivi: hadithi fupi moja au mbili, mahojiano moja, ukurasa wa historia, jaribio la sayansi la kufanywa kwa vitu vilivyomo nyumbani, jambo la kutengeneza kwa mikono, katuni, safu ya mwili, barua, chemshabongo, na kurasa nne tupu kabisa zenye kichwa tu cha kuanzia wazo. Kurasa hizo tupu watu wazima huziona hasara. Vigoli huzikimbilia kwanza.

Katika historia, tafuta watu waliofanya jambo wakiwa na umri wa msomaji. Mary Anning wa Lyme Regis, Uingereza, alikuwa na miaka 12 hivi alipofukua mabaki ya ikthiosauri, mtambaazi wa baharini wa kale ambaye fuvu lake lilikuwa limeonwa na Joseph, kaka yake Mary, mwaka 1811. Mary alichimba visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, maisha yake yote, wasomi wakavinunua kwake na kuandika juu ya visukuku hivyo, lakini chama cha wanajiolojia cha London hakikuwa kinapokea wanawake. Venetia Burney alikuwa na miaka 11, akiishi Oxford, babu yake alipomsomea gazetini mwezi Machi 1930 kwamba limegunduliwa gimba jipya mbali kwenye mfumo wa jua. Akapendekeza liitwe Pluto, na jina likabaki. Usiishie kwenye sifa. Waulize wasomaji: ungekuwa wewe ungeliitaje? Na Mary angeandika nini kwa chama kile? Barua hizo zitajaza toleo linalofuata.

Safu ya mwili usiikwepe. Balehe ya msichana huanza kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13, hivyo baadhi ya wasomaji wako tayari wamo ndani yake. Hedhi ya kwanza mara nyingi huja karibu na miaka 12, ila 9 au 15 pia ni kawaida, na katika miaka ya mwanzo mzunguko unaweza kuwa wa siku 21 au hata 45 bila kuwa ugonjwa. Taja viungo kwa majina yake. Weka sanduku la maswali yasiyo na jina mkutanoni, na kila jibu lipitiwe na mhudumu wa afya kabla ya kuchapwa. Mtindo wa maandishi uwe uleule wa makala za nyota na visukuku. Ukibadilisha sauti ghafla na kuanza kunong'ona, msomaji atajua kuna aibu, nayo itakuwa imetoka kwako.

Weka pia hasira, fedha, marafiki wanaoachana, kufiwa, kuchoshwa. Mapenzi? Bodi yetu ilipiga kura: urafiki kila toleo, mapenzi wasomaji wakiuliza tu. Bodi yako inaweza kuamua tofauti.

Hatua ya 5: Chunga lugha, na zaidi ya lugha chunga picha

Kiswahili kimetupa zawadi: "yeye" hana jinsia. "Daktari alifika, akavua koti, akanawa mikono," na daktari huyo anaweza kuwa mtu yeyote. Lakini zawadi hiyo ina mlango wa nyuma. Neno linaponyamaza, picha ndiyo husema. Niliwahi kumtumia mchoraji maelezo haya: "Mwanajiolojia yuko juu ya mwamba akigonga kwa nyundo. Mwenzake chini ameshika kamba." Mchoro ukarudi mwanamume yuko juu na nyundo, mwanamke yuko chini na kamba, akitabasamu. Mchoraji hakuwa na nia mbaya, nami niliuidhinisha bila kustuka. Aliyeigundua kasoro hiyo ni msichana wa miaka 9 aliyekuwa akisoma prufu, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa. Tangu hapo maelezo ya mchoraji huandikwa kamili: nani ni nani, ana umri gani, umbo gani, anatazama wapi, mikono yake inafanya nini. Na kwa kila toleo tunahesabu picha: wangapi wanatenda, wangapi wanatazama, wangapi wanatabasamu kwa msomaji bila sababu. Weka pia akina baba wanaobeba watoto na wavulana wanaolia, maana dunia ya kigoli ina wavulana ndani yake.

Lugha nayo ina miiba yake. "Jikaze kiume," "kulia kama mwanamke," "jikedume," "kazi za kike": hizi hupenya kwenye hadithi bila mwandishi kujua. Ondoa "wa kike" kwenye "rubani wa kike" na "fundi wa kike." Rubani ni rubani, na picha itamaliza maelezo. Tumia jaribio la jina: badilisha jina la msichana uweke la mvulana kisha usome tena. Sentensi ikichekesha, ina kasoro. Chukua hii: "Ingawa ni mama wa watoto wawili, rubani huyu mrembo ameweza kumudu chombo kikubwa." Mwite Juma, umwite baba na mtanashati, uone inavyokuwa. Sasa iandike upya: "Kabla ya kila safari rubani huyu huzunguka ndege yote kwa miguu, akigusa magurudumu kwa mkono." Watoto wake wanaweza kuingia baadaye, akiwataja mwenyewe.

Hatua ya 6: Linda wasomaji

Hapa hakuna kura. Chapisha jina la kwanza na umri tu, na kamwe usiweke pamoja uso, jina na shule ya mtoto. Picha za simu hubeba alama ya mahali zilipopigwa, basi zifute taarifa hizo kabla ya kuzituma kokote. Pata ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi, na ya kigoli mwenyewe. Akikataa yeye, ridhaa ya mzazi haitoshi. Hadithi au mchoro wa mtoto ni mali yake, hivyo ombeni ruhusa ya kuuchapa mara moja tu, asilia arudishiwe. Barua zisomwe na watu wazima wawili, na mtu mzima asibaki peke yake na mtoto kwenye mkutano wala kwenye ujumbe wa simu. Mkiwa na tovuti, jueni sheria za data za watoto mahali mlipo. Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayotaka kibali cha mzazi kwa walio chini ya miaka 13, na katika Umoja wa Ulaya umri huo ni kati ya 13 na 16 kulingana na nchi.

Kabla toleo la kwanza halijatoka, amueni nani atapigiwa simu ikija barua inayoonyesha mtoto anaumizwa. Andikeni namba za huduma ya ulinzi wa mtoto mahali ambapo kila mhariri anaziona. Barua ya namna hiyo ikifika hutakuwa na utulivu wa kutafuta namba.

Hatua ya 7: Panga na uchape

Kunja karatasi nane za A4 katikati, zitie moja ndani ya nyingine, piga pini mbili kwenye mkunjo. Una jarida la mfano la A5 lenye kurasa 32. Lijaze kwa penseli, ukurasa kwa ukurasa, mkiwa na bodi. Ndipo mtaona hadithi inavyokatika pabaya na kurasa mbili za katikati zinavyoweza kubeba mchoro mmoja mkubwa. Jarida la kupigwa pini lazima liwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4, kwa hiyo kurasa 30 hazipo. Ni 28 au 32.

Maandishi yawe ya pointi 12 hivi, mistari ipumue, aya ziwe fupi. Usiandike juu ya picha yenye rangi nyingi. Programu ya Scribus ni ya bure na inatosha kupanga jarida zima na kutoa PDF ya mchapaji. Picha ziwe na dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kwa ukubwa utakaochapwa, rangi zinazofika ukingoni zizidi mstari wa kukatia kwa milimita 3, na faili ziwe katika CMYK, mfumo wa rangi nne za wino wa kuchapia, maana rangi kali za skrini hufifia zikifika kwenye wino.

Karatasi ya ndani iwe isiyong'aa, ya gramu 100 kwa mita ya mraba au karibu na hapo. Wachapaji watakushawishi uchukue ya kung'aa kwa kuwa picha hupendeza. Kataa. Penseli haishiki juu yake na kalamu hupakaa, nawe umeacha kurasa nne ili ziandikwe. Kwa nakala mia chache, uchapaji wa kidijitali huwa nafuu. Ofseti, uchapaji wa kutumia mabamba, huanza kulipa ukifikia maelfu. Omba ISSN, namba ya tarakimu 8 ya majarida, kwenye kituo cha kitaifa kinachozitoa, ili maktaba ziweze kulisajili.

Hatua ya 8: Fedha na matangazo

Msimamo wangu ni huu: usibebe matangazo. Jarida linalomwambia kigoli ukurasa wa 6 kwamba mwili wake ni wa kukimbilia na kupandia, kisha ukurasa wa 7 likamuuzia krimu, limejikana lenyewe. Inawezekana kuishi bila hayo. Kazoo, jarida la Marekani la wasichana wa miaka 5 hadi 12 lililoanzishwa na Erin Bried mwaka 2016, lilianza kwa michango ya watu mtandaoni, halikubeba matangazo, na mwaka 2019 lilishinda tuzo ya National Magazine Award.

Bila matangazo, msomaji ndiye mlipaji, basi uza usajili wa mwaka kabla ya kuchapa toleo la kwanza. Waliolipa kabla watakuonyesha idadi ya nakala. Ukipanga bei, jumlisha gharama zote za toleo, ukiweka malipo ya mchoraji na posta, kisha ugawanye kwa nusu tu ya nakala utakazochapa. Nusu nyingine hesabu itatolewa bure kwenye maktaba na shule au itachelewa kuuzwa. Akija mfadhili, mpokee kwa sharti la maandishi kwamba haoni kurasa kabla hazijachapwa na hapewi makala.

Hatua ya 9: Toleo la kwanza

Liweke mezani bila hotuba. Keti kando na daftari, utazame. Wanaanzia wapi? Wanaruka nini? Nani anamwonyesha mwenziwe ukurasa, na upi? Kama wamo wavulana, waache walichukue. Wengi watalichukua wakidhani hakuna anayewaona, na watakuuliza maswali ya jaribio la sayansi.

Baada ya wiki nne, omba nakala tano zirudishwe kwa siku moja, hata zikiwa zimechakaa. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, moja ilirudi bila kurasa za 15 na 16. Kigoli aliyeileta alieleza kwamba amezibandika juu ya kitanda chake, na kwamba hatarudisha. Nyingine ilikuwa na kurasa zote, safi kama ilivyotoka kwa mchapaji. Tuliita bodi, tukaziweka mbili hizo kando kwa kando, tukachukua kalamu na kuanza tena kupiga mistari chini ya vitenzi, safari hii vya kwetu.